Ameitikia, Lakini Ameelewa? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mawasiliano Kazini

Barua za mwezi huu zimetoka stoo, ofisini, gereji na kiwandani, zote za hapa Dar es Salaam. Karibu kila moja inalalamika jambo lilelile: watu walisemeshana, wakaitikiana, kazi ikaharibika. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, maana kosa lake ndilo linalokula fedha nyingi na ndilo rahisi kulizuia.

Nasimamia stoo ya vifaa vya ujenzi Chang'ombe. Nina vijana kumi na wawili na madereva watatu. Nikitoa maelekezo wote wananijibu "sawa bosi", halafu mzigo unakwenda sivyo. Juzi niliagiza nondo za milimita 12 zipelekwe Kigamboni, dereva nikamwandikia "3:00" kwenye simu. Zikapakiwa za milimita 10, na zikafika saa tisa alasiri, fundi ameshaondoka. Nimegomba hadi nimechoka. Nifanyeje? — Msimamizi, Chang'ombe

Kaka, anza kwa kuacha kugomba, kwa sababu kugomba ndiko kunakozaa hizo "sawa bosi". Kijana aliyefokewa jana mbele ya wenzake hatakuambia leo kwamba hakukusikia vizuri. Ataitikia, atatoka nje, atamuuliza mwenzake mlangoni, na mwenzake naye atakisia. Ukichanganya na kelele za upakiaji, winchi na pikipiki za wateja, unapata nondo za milimita 10 Kigamboni.

Swali la "umeelewa?" liache kabisa. Mtu mwenye heshima zake, mbele ya mkubwa wake, atasema ndiyo hata kama kichwani mna ukungu. Badala yake mwombe akurudishie maelekezo, na uombe kwa namna ambayo haimdhalilishi: "Nimeongea haraka, hebu nirudishie tulivyopanga nione kama sijaruka kitu." Hapo anayepimwa ni wewe uliyesema, naye atasema kwa uhuru. Akikosea, rekebisha kile alichokosea tu. Usianze upya hotuba nzima, na mtu asichekwe, maana siku akichekwa mmoja, zoezi limekufa kwa wote kumi na wawili.

Utaratibu huu ndio unaolinda ndege angani. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya shirika la Pan Am la Marekani, ziligongana kwenye barabara ya kurukia wakati wa ukungu. Watu 583 walikufa. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini mojawapo ilikuwa maneno. Rubani msaidizi wa KLM alisema kwenye redio sentensi iliyoweza kueleweka kwamba wako tayari kuruka, au kwamba wameshaanza kuruka. Mwongoza ndege akaelewa ile ya kwanza, akaanza jibu lake kwa "OK". Maneno yaliyofuata, ya kuwataka wasubiri, yalifunikwa na mlio wa redio, kwa kuwa Pan Am nao waliongea sekunde hizohizo. KLM walichosikia vizuri ni ile "OK". Baada ya ajali hiyo lugha ya redio ilikazwa. Rubani hajibu ruhusa muhimu kwa kuitikia tu, anairudia yenyewe, na mwongoza ndege anasikiliza kama imerudiwa sawasawa.

Sasa turudi stoo kwako. Agizo lisitoke kinywani mwako kabla halijawa na vitu sita: kitu gani kwa jina na saizi, kiasi gani, kinakwenda wapi, saa ngapi, nani anapokea, na likitokea tatizo apigiwe nani. Agizo la juzi lingeandikwa hivi:

"Nondo mm 12, vipande 80, kila kimoja mita 12. Kigamboni, Kibada, saiti ya ghorofa. Zifike kesho Jumanne tarehe 11, saa 3:00 asubuhi (09:00). Anapokea fundi mkuu, namba yake iko kwenye hati ya mzigo. Mm 12 zisipotosha, USIPAKIE mm 10. Nipigie kwanza."

Mstari wa mwisho ndio watu wengi wanausahau, na ndio unaookoa. Kijana akikuta mzigo umepungua hakai kukusubiri, anataka kusaidia, basi anachukua kilicho karibu. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.7 hivi, na ya mm 10 ina kilo 7.4 hivi. Zikiwa zimelala pamoja chini ya turubai, macho ya mtu aliyechoka hayatofautishi. Paka rangi kwenye ncha, nyekundu kwa mm 12, bluu kwa mm 10, na kwenye agizo taja rangi pia. Kitu kikiwa na alama mbili za kukitambulisha, kosa moja halitoshi kukipeleka pasipo pake.

Suala la saa lisichukuliwe kirahisi hata kidogo. Wewe uliandika 3:00 ukiwa na maana ya saa tatu asubuhi, na dereva akaangalia saa ya simu yake, ambayo ikisema 3:00 mchana ni saa tisa alasiri. Wote mlikuwa sahihi. Andika saa ya Kiswahili pamoja na asubuhi, mchana au usiku, kisha weka pembeni saa ya tarakimu 24. Siku nazo ni hivyohivyo: "kesho kutwa" iliyotumwa saa sita usiku inasomwa kesho yake asubuhi, na tayari imesogea siku moja. Andika jina la siku na tarehe, "Ijumaa tarehe 14". Vipimo vya mazoea navyo vina hatari yake. Mfuko wa saruji unajulikana ni kilo 50, lakini "lori moja la mchanga" linategemea lori gani, na "bando" linategemea nani kafunga. Andika tani, andika vipande.

Baada ya wiki mbili tatu utaona tatizo jipya: vijana wanarudia kama kasuku. Maneno yanatoka kamili na akili haipo. Dawa yake ni swali la "ukifika ukakuta". Muulize dereva, "Ukifika Kibada ukamkuta fundi hayupo, utafanya nini?" Akisema atashusha mzigo getini arudi, umegundua tatizo kabla gari halijatoka Chang'ombe. Na agizo lisipitishwe kwa mtu wa tatu. "Mwambie dereva apeleke" ni sentensi inayopoteza saizi, kiasi na saa njiani. Kama hakuna budi, anayepelekwa apeleke karatasi.

Kikao chetu cha Jumatatu kinachukua saa mbili na tuko wanane. Kila wiki tunajadili mambo yaleyale. Mwenyekiti wetu ni mkurugenzi mwenyewe. Tunawezaje kukifanya kiwe na maana? — Afisa, Mikocheni

Watu wanane kwa saa mbili ni saa 16 za kazi, sawa na karibu siku mbili za mtu mmoja, kila wiki. Mwonyesheni mkurugenzi hesabu hiyo kwa adabu, kisha pendekezeni mabadiliko matatu.

Ajenda itumwe Alhamisi, na kila ajenda iandikwe kwa swali linalotaka jibu. "Usafiri" si ajenda. "Je, tukodi gari la pili kuanzia mwezi ujao?" ni ajenda. Pili, kwenye yatokanayo kila jambo liwe na jina la mtu mmoja na tarehe. Ukiandika "Idara ya Masoko ifuatilie", hakuna atakayefuatilia, na Jumatatu ijayo mtaanzia palepale. Tatu, muhtasari utoke kabla ya siku ya pili kuisha. Ukicheleweshwa wiki nzima, kila mjumbe atakuwa na kumbukumbu yake ya kilichoamuliwa, na yatokanayo yatageuka ugomvi wa nani alisema nini.

Kuna la nne, ambalo mkurugenzi pekee ndiye anaweza kulifanya: aongee mwisho. Mkubwa akishatoa msimamo wake dakika ya tano, walio chini yake watatumia muda uliobaki kumuunga mkono. Na jambo lenye fedha lisiamuliwe kwenye mengineyo, wakati watu wameshafunga madaftari.

Mimi ni katibu muhtasi, Posta. Kundi letu la WhatsApp la kazini lina watu 74. Bosi anatuma maagizo humo hadi saa tano usiku, mara nyingi kwa sauti, dakika nne au tano. Katikati kuna michango ya harusi, misiba na video. Mtu akiulizwa anasema hakuiona. Bosi ananilaumu mimi. — Katibu, Posta

Dada, lawama si yako. Kundi la watu 74 ni mahali pazuri pa tangazo na pabaya sana pa agizo. Agizo likitupwa humo, kila mmoja anaamini mwenzake atalishughulikia.

Mpendekezee bosi makundi matatu. La kwanza ni la matangazo, lililowekwa mipangilio ya kuruhusu wasimamizi wa kundi peke yao kuandika, ili tangazo la Jumanne lisifukiwe. La pili ni la kazi za kila idara, watu wasiozidi kumi au kumi na wawili. La tatu ni la shughuli za kijamii, na humo rambirambi, michango na pongezi ziende kwa uhuru. Msiyafute hayo ya kijamii kwa kisingizio cha nidhamu. Mtu aliyefiwa akikosa salamu za wenzake kazini anaumia, na maumivu hayo yanaingia ofisini.

Agizo lenyewe liende kwa mtu kwa jina lake, na mtu huyo ajibu kwa kutaja atakachofanya na lini. Tiki mbili za bluu zinaonyesha ujumbe ulifunguliwa tu. Wala kidole gumba si jibu, hakisemi "nitapeleka hati TRA kesho kabla ya saa 6 mchana".

Ujumbe wa sauti una ubaya wake wa kiutendaji. Huwezi kuutafuta baada ya wiki, huwezi kuusikiliza ukiwa umesimama kwenye mwendokasi, na kiasi cha fedha kilichotajwa dakika ya tatu kinakulazimu usikilize dakika tatu zote. Bosi akipenda kuongea, aongee. Wewe mwandikie chini yake mistari miwili: "Maagizo ya sauti ya saa 4:10 usiku: (1) Ankara ya maji ilipwe Jumatano, mhasibu. (2) Gari liende sevisi Ijumaa, dereva." Mwombe athibitishe. Ukifanya hivyo mara kadhaa, wengi huanza kuandika wenyewe.

Kuhusu saa tano usiku: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, ingawa kipengele hicho hakiwahusu mameneja wanaosimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mkubaliane jambo rahisi. Bosi anaweza kuandika muda wowote wazo linapomjia, lakini majibu ni kuanzia saa 2:00 asubuhi. Likiwa la dharura, anapiga simu.

Na hili tunakuomba ulifikishe kwake hata kama hukutuuliza. Picha za vitambulisho vya NIDA, taarifa za wagonjwa, na namba za akaunti za wateja hazina nafasi kwenye kundi la watu 74. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taasisi inawajibika kwa taarifa za watu inazozikusanya. Mfanyakazi akiacha kazi, aondolewe kwenye kundi siku hiyohiyo.

Nina miaka 28, nasimamia gereji Vingunguti. Fundi mmoja ana umri wa baba yangu na ujuzi wake ni mkubwa, ila hataki kutumia spana ya kupimia mkazo kwenye nati za magurudumu. Anakaza kwa mkono na kukadiria. Nikisema, naonekana sina adabu. Nikinyamaza, gari linarudi. — Kijana, Vingunguti

Shikamoo yako haipunguzi cheo chako, kwa hiyo usiiache. Kinachopunguza cheo ni kumtuma kijana mwingine akamwambie mzee, au kumsema mbele ya mteja. Mfuate asubuhi kabla ya gari la kwanza kuingia, mkiwa wawili, umesimama pembeni yake badala ya mbele yake. Sema jambo moja tu, lililoonekana kwa macho:

"Shikamoo mzee. Ile Noah ya juzi imerudi, nati mbili za gurudumu la mbele kulia zimelegea. Naomba kuanzia leo kila gari tulimalizie kwa spana ya kupimia, na mimi nitaandika kipimo kwenye kadi ya kazi. Kuna kinachokukwaza kwenye ile spana?"

Ukishauliza, nyamaza. Vijana wengi wanaharibia hapa. Wanaogopa ukimya, wanaanza kuomba radhi na kujieleza hadi ombi lenyewe linapotea. Mwache afikiri. Huenda akakuambia namba kwenye mpini ni ndogo na hazioni bila miwani, au kwamba ile spana iliangushwa mwaka jana na haiaminiki. Hizo ni sababu za kweli, na zote zina ufumbuzi: alama ya rangi kwenye kipimo kinachotumika sana, au spana ikapimwe upya.

Uwe na hoja ya kiufundi pia, maana mzee anaheshimu kazi kuliko cheo. Magari mengi madogo yanataka mkazo wa kati ya Nm (nyutoni mita) 90 na 120, na kipimo sahihi kiko kwenye kitabu cha gari. Nati isipofika hapo inalegea, na ikizidi sana inavuta boliti na inaweza kupindisha diski ya breki. Kaza kwa kuruka, nati moja kisha iliyo upande wa pili, na mwambie mteja arudi kukaguliwa baada ya kilomita 50 hadi 100. Mpe mzee kazi ya kuwafundisha vijana hatua hizo. Anayefundisha jambo huona tabu kuliacha mwenyewe.

Ikirudi mara ya pili, mwandikie kwa ufupi, tarehe na gari, bila maneno ya kumshusha. Heshima kwa mzee haiwezi kuwa juu ya usalama wa aliyepanda gari lile.

Nafanya kazi kiwandani Barabara ya Nyerere. Nimepewa barua ya kutakiwa kujieleza ndani ya saa 24 kwa "utovu wa nidhamu". Haisemi nimefanya nini. Imeandikwa Kiingereza na mimi Kiingereza changu ni kidogo. Wenzangu wanasema nisijibu, nitajifunga. Nifanye nini? — Mfanyakazi, Kiwalani

Jibu. Kunyamaza kutasomwa kama huna la kusema, na faili lako litabaki na upande mmoja tu.

Kama barua haitaji kosa, jibu lako la kwanza ni kuomba maelezo, ndani ya muda uliopewa. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, zinamtaka mwajiri akujulishe tuhuma kwa namna na lugha unayoweza kuielewa. Andika kwa Kiswahili, kwa mpangilio wa kawaida wa barua ya kikazi, kumbukumbu namba ya barua yao, Yah:, kisha mistari michache: "Nimepokea barua yenu tarehe fulani, saa fulani. Haikutaja kitendo, tarehe wala mahali. Naomba nielezwe hayo kwa Kiswahili ili nijibu ipasavyo. Niko tayari kutoa ushirikiano."

Wakishakutajia, jibu kwa mpangilio wa muda: ulikuwa wapi, saa ngapi, nani alikuwepo, ulifanya nini. Kila aya tukio moja. Usiandike unachodhani kuhusu chuki ya msimamizi, hata kama unaiamini, kwa sababu msomaji ataanza kujadili chuki na kuacha tukio. Ambatisha ushahidi ulionao, kama karatasi ya zamu au ujumbe wa simu uliochapwa. Toa nakala mbili, moja ya kwao, nyingine igongwe muhuri au isainiwe na aliyepokea, pamoja na tarehe. Wakikataa kusaini, ipeleke ukiwa na shahidi na uandike jina lake nyuma ya nakala yako.

Barua ya kujieleza haichukui nafasi ya kikao cha nidhamu. Kikiitishwa, kanuni hizohizo zinasema muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48, na una haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Chagua mtu mtulivu anayeandika haraka, kazi yake kubwa iwe kuandika maswali na majibu. Usisaini muhtasari ambao hujausoma. Ukiwa hukubaliani na kipengele, andika pembeni kwamba hukubaliani nacho, kisha usaini.

Na nyinyi waajiri mnaosoma ukurasa huu, barua ya namna hii inawaumiza wenyewe. Andikeni kitendo, tarehe, saa, mahali na kifungu cha kanuni za kazi kilichovunjwa. "Utovu wa nidhamu" peke yake hamwezi kuuthibitisha mbele ya mtu yeyote.

Ukiachishwa kazi na kuona si halali, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Ukichelewa utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya kila siku uliyochelewa, kwa hiyo hata kama kiwandani wanakuambia "subiri tunalishughulikia", jaza fomu, peleka nakala kwa mwajiri, na utunze uthibitisho kwamba ameipokea.